Pazia la Chumba Namba Tatu

Kila mwaka, mwezi wa pili, Rosaline Nekesa alihamia ghorofa ya kijani kwa siku moja.

Aliingia asubuhi na kutoka jioni. Mizigo yake haikuwa mingi: godoro lililokunjwa na kufungwa kwa kamba, sufuria mbili, jiko la makaa, picha ya harusi ya binti yake, na pazia la mlango. Pazia hilo alilishona mwenyewe baada ya kuupima mlango wa chumba namba tatu kwa utepe wake, upana na urefu, mara mbili, kama apimavyo mtu anayejua kwamba mlango ni wake. Lilikuwa la kitambaa kizito cha rangi ya maziwa, lenye ukingo wa maua chini. Siku nyingine zote za mwaka lilikaa sandukuni, kwa sababu mlango wa nyumba aliyoishi ulikuwa mfupi na pazia lingeburuta kwenye udongo.

Ghorofa yenyewe ilijengwa baada ya steji ya magari kutolewa katikati ya mji wa Kitale na kupelekwa upande wa Kibomet. Kaunti ilipitisha sheria kwamba mtu akijenga nyumba za kupangisha mahali ambapo mpangaji anaweza kutembea hadi steji kwa dakika kumi, atasamehewa kodi ya ardhi kwa miaka kumi. Sharti lilikuwa moja. Vyumba kumi vya chini wapewe watu wanaofanya kazi steji na wasio na gari, kwa bei ambayo mtu wa steji anaimudu. Rosaline alilisikia tangazo hilo redioni akiwa kwenye cherehani, akausimamisha mguu wake ili asikie vizuri.

Alikuwa na sababu ya kusikiliza. Kazi yake ilikuwa kushona viti vya matatu. Kiti kikipasuka, makanga alikitoa kwenye gari na kumletea, naye alikivua ngozi yake ya plastiki, akatia sponji, akakishona upya kabla gari halijapata abiria wa kutosha. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amekanyaga cherehani kwa mguu wa kulia, na sasa goti la mguu huo lilikuwa limevimba na kukaa hivyo. Aliishi mbali, upande wa barabara ya Moi's Bridge, mwendo wa saa moja na nusu kwa mtu mwenye magoti mazima. Yeye alitumia saa mbili, na mgongoni alibeba kichwa cha cherehani. Kilikuwa cha chuma kitupu, na alikibeba kwa kanga kama mtoto. Meza na kanyagio viliachwa kwenye baraza la duka la vipuri la Manisha, lakini duka lilifungwa saa kumi na moja, na Rosaline alishona hadi gari la mwisho. Kichwa asingekiacha nje.

"Rosaline," Manisha alimwambia siku moja akimtazama akishuka ngazi moja ya baraza kama anayeshuka mlima, "hiyo goti yako inalia kuliko cherehani."

"Cherehani naitia mafuta, mama. Goti sina pa kulitia."

Kwa hiyo ghorofa ilipopakwa rangi, Rosaline alikuwa mtu wa kwanza kujaza fomu. Alitaka chumba cha chini, karibu na lango, na akapewa namba tatu. Nehemiah, msimamizi wa jengo, mtu mrefu kutoka upande wa Mlima Elgon aliyetembea na funguo zote kwenye pete kubwa kiunoni, alimwonyesha chumba hicho mwenyewe. Kilikuwa na dirisha lenye vyuma, sinki na bomba, na sakafu ya saruji iliyopigwa msasa. Hatua mia nne na kumi hadi kwenye cherehani. Alizihesabu siku hiyo hiyo. Akanunua kitambaa cha pazia.

Mwaka wa kwanza alihamia siku moja kabla ya mkaguzi wa kaunti kuja, akalala humo. Mkaguzi alipita, akaangalia, akaandika, akaenda. Jioni Nehemiah akaja kumwambia aondoe vitu vyake kidogo, kuna ukuta unarudiwa rangi. Rosaline aliondoa. Kesho yake alipita, akaona viatu vya wageni mlangoni. Kila siku akawa anapita, na kila alipopita viatu vilikuwa vingine. Mwenye ghorofa, aliyeishi Eldoret na ambaye hakuna mtu wa steji aliyewahi kumwona, alikuwa amegundua kwamba chumba kilicho karibu na magari kinatafutwa na wageni wa siku mbili tatu, na wageni hao hulipa kwa siku tatu kile ambacho Rosaline angelipa kwa mwezi.

Alikwenda ofisi za kaunti. Msichana aliyekaa kwenye dirisha alimsikiliza vizuri, tena kwa upole, akafungua kompyuta yake.

"Mama, unataka kuwekwa kwa orodha ya wenye wanangoja nyumba?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Rosaline Nekesa, fundi wa viti?"

"Ndiye mimi."

"Lakini wewe uko na nyumba. Unaona? Ghorofa ya kijani, namba tatu. Mkaguzi alikupata ndani." Msichana aligeuza kompyuta ili Rosaline ajionee jina lake. "Mwenye amepata hawezi kungoja tena, mama. Kuna wengi hawajapata."

Rosaline alilitazama jina lake. Lilikuwa limeandikwa sawasawa. Angeweza kusema pale pale kwamba hakuwa na nyumba yoyote, kwamba alikaa ndani ya chumba kile siku moja na usiku mmoja, lakini alikumbuka fomu aliyotia kidole akikubali kwamba amepokea ufunguo. Hakuwahi kuupokea. Nehemiah alimwambia atie tu, ufunguo unachongwa. Akamshukuru yule msichana na kurudi kwenye kazi yake.

Mwaka wa pili Nehemiah alikuja tena barazani. Alikuwa na aibu kidogo, na aliificha kwa mzaha. "Mama Rosaline, mkaguzi ni kesho. Njoo ukae kwako."

"Kwangu wapi?"

"Si namba tatu. Mwaka huu mdosi, mwenye nyumba, anasema lazima watu watulie. Tukipita hii, tunaangalia mambo yako."

Alikwenda. Alijua, na alikwenda, kwa kuwa kukataa kungekuwa kufunga mlango ambao bado ulikuwa wazi kidogo. Walikuwa watu kumi, wote wa steji: wauza mahindi, wapakiaji mizigo, mwoshaji magari, mama wa choo cha kulipia. Waliitana kwa namba za vyumba. Phanice, aliyeuza mahindi ya kuchemsha na aliyewekwa namba moja, alisimama mlangoni mikono kiunoni na kumwamuru Nehemiah amletee balbu nyingine kwa sababu hii inamkausha ngozi.

"Wewe Phanice, tulia," Nehemiah alisema.

"Nitulie vipi na mimi ni mpangaji? Niite madam. Hadi saa kumi na mbili niite madam, kisha nitarudi kuwa Phanice."

Walicheka wote. Jioni walifunga magodoro yao na kuondoka, na hakuna aliyecheka.

Mwaka wa tatu ndio uliokuwa mkubwa. Nehemiah alieleza mambo waziwazi: cheti cha mwaka wa tatu kikitoka, kaunti haikagui tena mpaka mwaka wa saba. Mwenye ghorofa alikitaka cheti hicho kuliko kitu chochote.

"Amesema mwenyewe kwa simu," Nehemiah alisema, na mara hii hakufanya mzaha. "Nilimwambia huyo mama wa cherehani ana goti, amekuja mara mbili bila kelele. Akasema sawa, cheti kikitoka, mpe namba tatu. Mwezi wa tatu, tarehe moja. Nikikudanganya niitwe mwizi." Aliigusa pete ya funguo kiunoni, akaupata mmoja, akauinua juu ya nyingine. Ulikuwa na utepe mwekundu. "Ni hii."

Kama mwenye ghorofa hakutimiza sharti alipokuwa anakaguliwa, kwa nini angelitimiza baada ya kuachwa huru? Swali hilo lilimjia Rosaline akirudi nyumbani, karibu na daraja la katikati ya safari. Alibadilisha bega la mzigo wake, akaendelea kutembea.

Hapa inafaa kusema juu ya Wamalwa.

Wamalwa alikuwa mume wa Linah, binti pekee wa Rosaline. Linah na watoto wawili, Sheila na mdogo wake, walikaa kwa wakwe zake Sirisia, huko Bungoma, kwenye shamba; Wamalwa aliajiriwa na kaunti huku Kitale, akapanga chumba kimoja mjini na kurudi nyumbani kila Ijumaa. Alikuwa ofisi ya leseni za biashara. Basi yeye na mama mkwe wake walifanya kazi katika mji mmoja, na katika miaka minne hawakuwa wametazamana usoni hata mara moja.

Hawakuwa na ugomvi. Kwao Wabukusu, mkwe hamtazami usoni mama wa mke wake. Hampi mkono, hali naye, na haingii kamwe mahali penye kitanda chake. Wengi wa mjini wamelegeza haya mambo na husalimiana kwa mkono sokoni kama majirani, lakini Wamalwa alilelewa na nyanya yake, na hakulegeza. Alipotaka kufika upande wa pili wa steji alizunguka nyuma ya maduka. Siku ambayo hapakuwa na njia ila mbele ya baraza la Manisha, alisimama kwenye kona na kukohoa. Kikohozi kimoja kikavu, kimya, halafu kingine. Rosaline aliinama juu ya cherehani na kuvuta kitambaa cha kichwa mbele. Kijana akapita akiangalia barabara. Na kila mmoja akaendelea na kazi yake akiwa na furaha.

"Huyu ananikohoa kama mtu anayebisha hodi kwa askofu," alimwambia Phanice siku moja, na hakuweza kuficha kwamba jambo hilo lilimfurahisha. Mjini wanaume walimwita mathee, kama mama yeyote wa mtaani, makanga walimtupia viti miguuni. Mtu mmoja tu ndiye aliyesimama kwenye kona na kumwomba ruhusa ya kupita.

Siku ya ukaguzi wa tatu Rosaline aliamka mapema na kufika na godoro mapema kuliko wote. Alitundika pazia. Akatandika kitanda ambacho Nehemiah alimpa, akaweka picha ya harusi dirishani, akawasha jiko. Nehemiah alipita mlango kwa mlango akiwaagiza wakaange vitunguu, kwa sababu mwaka uliopita mkaguzi aliuliza mbona nyumba zina watu na hazinuki chakula.

"Na nyanya mtatoa nyinyi?" Phanice aliuliza kutoka namba moja. "Ama tunakula vitunguu na sharti?"

Saa nne lango lilifunguliwa. Rosaline alisikia viatu vya watu wawili kwenye ua, na sauti ya Nehemiah ikieleza habari za matangi ya maji. Wakaingia namba moja. Phanice alijibu maswali kwa sauti ya kanisani. Wakatoka, wakaingia namba mbili. Kisha wakatoka tena, wakasimama karibu sana, na mgeni, pengine kwa sababu ya moshi wa vitunguu, akakohoa. Kikohozi kimoja kikavu. Kimya. Kingine.

Rosaline aliacha kijiko ndani ya sufuria.

Alitazama chumba. Mlango ulikuwa mmoja. Dirisha lilikuwa na vyuma. Kitanda kilikuwa katikati, kimetandikwa, na shuka lake mwenyewe liko juu, na hapakuwa na pa kukificha. Alifanya kitu kimoja kilichowezekana. Alilivuta pazia mpaka likafunika mlango wote, akalishika ukingo kwa mikono miwili upande wa ndani.

"Namba tatu," Nehemiah alisema nje. "Mama Rosaline, fundi wa viti. Mpangaji wetu."

"Rosaline gani?"

"Nekesa. Huyu wa cherehani, pale kwa Manisha."

Chini ya ukingo wa maua Rosaline aliona ncha za viatu vyeusi vilivyopigwa rangi. Viatu vikarudi nyuma hatua moja, halafu ya pili.

"Siwezi kuingia humo," Wamalwa alisema.

"Kwani kuna nini?"

"Huyo ni mama wa bibi yangu."

Nehemiah hakuwa Mbukusu, lakini alikuwa ameishi na watu. Sauti yake ikawa laini. "Pole, afisa. Mimi sikujua. Hata sisi hatukujua ni wewe utakuja."

"Nimehamishwa juzi kutoka leseni." Karatasi zilisikika zikigeuzwa. "Hii fomu inasema niingie, nione kwa macho."

"Sasa utafanya aje? Utaona kitanda cha mama mkwe kwa sababu ya fomu? Simama hapo, muulize. Atajibu, utasikia. Kwani masikio si ya serikali?"

Nyuma ya pazia Rosaline alikuwa akipumua kwa mdomo. Vitunguu vilianza kuungua.

"Mulembe, mama," Wamalwa alisalimu, akiwa amegeukia upande. Sauti ilitoka kama ya mtu anayeongea na ukuta.

"Mulembe, Baba Sheila."

"Linah hakuniambia umehama."

Rosaline alilivuta pazia kidogo zaidi.

"Ni vizuri, mama. Ile njia ya Moi's Bridge ilikuwa inatusumbua roho. Tulikuwa tunaongea mimi na yeye, vile tunaweza kukutafutia mahali karibu." Alikohoa tena, safari hii kwa haya. "Nisamehe, lazima nikuulize maswali yenye iko hapa. Una gari?"

Kicheko cha Phanice kilivuka kutoka namba moja na kukatwa ghafla, kama mtu aliyejiziba mdomo kwa mkono.

"Sina gari."

"Unafanya kazi steji?"

"Nafanya."

"Sasa hii ya mwisho." Karatasi iligeuzwa. "Unaishi hapa? Mama, mimi nitaandika vile utasema. Kwako siwezi kutafuta ushahidi mwingine."

Angesema hapana. Neno lilikuwa fupi na alikuwa nalo mdomoni. Lakini baada ya hapana kulikuwa na maelezo: anaeleza kwa nini godoro lake liko ndani ya nyumba ya watu, kwa nini amepika, kwa nini amekaa hivi miaka mitatu akiigiza, yeye mama wa Linah, mtu wa kukoholewa kwenye kona. Na baada ya maelezo hayo, ufunguo wenye utepe mwekundu ungebaki kiunoni kwa Nehemiah. Alifikiria daraja. Alifikiria goti. Akajiambia kwamba mwezi wa tatu, tarehe moja, lingekuwa kweli, na yeye anatangulia tu kulisema kwa majuma mawili.

"Naishi hapa," alisema.

Kalamu ilisikika ikiandika.

"Basi na hivi vyumba vingine sina haja ya kuvuruga watu," Wamalwa alimwambia Nehemiah. Sauti yake ilikuwa imepata furaha. "Kama mama yuko ndani, hii nyumba ni ya ukweli." Akatia sahihi pale pale, akiwa amesimama uani, mistari kumi kwa vyumba kumi.

Baada ya nusu saa Nehemiah aligonga ukuta kando ya pazia na kupitisha mfuko. Ndani mlikuwa na sukari kilo mbili, majani ya chai, na mkate. "Ametuma dukani. Amesema hawezi kupita kwa mama mikono mitupu." Alisita. "Mkwe wako ni mtu, aisee."

Rosaline aliuweka mfuko juu ya kitanda na kukaa kando yake. Hakuonja ile sukari. Aliibeba yote hadi nyumbani jioni, juu ya kichwa cha cherehani na godoro, na njiani ilikuwa nzito kuliko vyote.

Cheti kilitoka siku kumi baadaye. Bango la bati likapigiliwa langoni: NYUMBA HII IMESAMEHEWA KODI YA ARDHI KWA KUWAPA MAKAO WAFANYAKAZI WA STEJI. Tarehe moja mwezi wa tatu Rosaline alifika na pazia kwenye mfuko. Nehemiah alikuwa akifagia mbele ya namba tatu. Mlangoni kulikuwa na viatu vya mwanamume, na vya mwanamke.

"Wageni walikuwa wamelipia," alisema bila kuinua kichwa. "Ngoja mwezi uishe."

Mwezi uliisha. Nehemiah akasema mdosi hashiki simu. Baadaye akasema ameshika, ila amesema hakumbuki kuahidi mtu. Alisema hayo akiangalia ufagio, na Rosaline, ambaye alikuwa amejiandaa kumwita mwizi kama alivyoomba mwenyewe, aliona kwamba hata hilo lisingempa nafuu.

Linah alikuja Jumamosi moja ya mwezi wa nne. Hakutoa habari; alitaka kumshtua mama yake kwa furaha. Alitoka Sirisia na mtoto mdogo mgongoni, mkungu wa ndizi, na kuku wa kijivu aliyefungwa miguu, kwa kuwa huwezi kuingia nyumba mpya ya mama yako bila kitu cha kuifungulia. Aliuliza ghorofa ya kijani, akaonyeshwa. Akabisha hodi namba tatu. Mwanamume aliyejifunga taulo akafungua, akamtazama yeye, na kuku, na ndizi, akasema kwamba hawakuagiza chakula.

Alimkuta mama yake barazani, mguu kwenye kanyagio. Linah aliweka kuku chini. Hakuketi.

"Mama, unaishi wapi?"

Rosaline alimaliza mshono aliokuwa nao. "Unajua naishi wapi."

"Mimi najua. Baba Sheila ndiye hajui." Linah alikuwa mtu wa sauti ndogo, na sasa ilikuwa imepungua zaidi. "Alinipigia simu siku hiyo akicheka. Ati amemuuliza mama kama ana gari. Akasema sasa roho yake imetulia, hata usingizi ataupata. Mama, ameenda akasema hata kwa kanisa, kwamba kaunti imewapa wazee nyumba na mama yetu ni mmoja."

"Niliahidiwa."

"Najua uliahidiwa. Kila mtu hapa ameahidiwa. Lakini yeye aliweka jina lake."

"Hakuingia kuangalia. Kazi yake ilikuwa kuangalia." Rosaline alilisema hilo kabla hajalipima, na mara lilipotoka aliona jinsi lilivyokaa kati yao.

Linah alikaza kanga ya mtoto mgongoni. "Hakuingia kwa sababu ni wewe," alisema.

Mtoto alianza kulia. Manisha alitoka dukani na kiti kidogo cha plastiki, akakiweka karibu na Linah, akarudi ndani. Linah hakukaa. Alifungua mkungu, akaacha ndizi zote kwenye meza ya cherehani kando ya viti vilivyopasuka, akasema lazima awahi gari la Bungoma kabla ya mvua. Kuku alimwacha pia. Rosaline alimuuliza atamwambia nini mumewe.

"Nitamwambia nimefika, nikakupata ukiwa mzima," Linah alisema. "Lingine atauliza mwenyewe. Na akiuliza, mimi simdanganyi. Tayari amedanganywa na mmoja."

Aliuliza. Jumatatu iliyofuata Wamalwa aliandika barua kwa mkono wake mwenyewe na kuipeleka kwa mkubwa wake: kwamba hakuingia chumba namba tatu, wala cha nne hadi cha kumi, na kwamba aliyotia sahihi hakuyaona. Sababu hakuiandika. Walimwomba aiandike, ingemsaidia, naye akakataa kulitaja jina la mama mkwe wake katika barua ya serikali. Wakamwondoa ofisini. Walimpa mkoba, kitabu cha risiti na koti la kijani, wakamtuma kukusanya ushuru kwa wauzaji wa steji.

Cheti cha ghorofa hakikufutwa. Wakili wa mwenye ghorofa alionyesha kwamba wapangaji waliulizwa na wakajibu kwa vinywa vyao; faili ikapelekwa kwa wanasheria, na iko huko. Phanice alitaka waende wote kumi kwenye ofisi za kaunti wakaseme ukweli. Walifika wawili, yeye na mwoshaji magari. Rosaline alibaki barazani. Alisema ana viti vitano vya kumaliza kabla ya saa nane, na ilikuwa kweli, vilikuwa vitano.

Lile pazia alilikata mwezi wa sita. Makanga mmoja alitaka vitambaa vya kufunika vichwa vya viti vya mbele, na kitambaa kizito cha rangi ya maziwa kilimfaa. Ukingo wa maua ulibaki, mita moja na kidogo. Aliukunja na kuurudisha sandukuni. Ukubwa wake haukufaa kitu chochote kingine.

Wamalwa hupita steji kila asubuhi na kitabu chake cha risiti. Sasa hawezi kuzunguka nyuma ya maduka. Kazi yenyewe iko mbele ya baraza. Akifika kwa Manisha humtuma mwenzake kuchukua ushuru wa mama wa cherehani, na yeye huvuka barabara, uso chini, hatazami, hasalimu. Mtu asiyejua akiwaona atasema vijana wenye adabu hiyo wamebaki wachache. Kila kitu kiko kama zamani, isipokuwa kwamba hakohoi tena. Rosaline hujua amepita pale anapoinua macho kutoka kwenye mshono na kuona mgongo wa koti la kijani, ukiwa tayari upande wa pili.